Jinsi ya kuanza na IBM MQ: fuata meseji moja mpaka ujue iko wapi

Wengi wanaoanza kujifunza IBM MQ, programu ya foleni inayopitisha meseji kati ya mifumo, wanakimbilia kuandika programu, wanatafuta mfano wa Java, wanakopi, wanarun, ikikubali wanaendelea na ikikataa wanakaa siku nzima wakibadilisha vitu ovyo kwa sababu hawajui meseji waliyoituma imeishia wapi. Mi ushauri wangu ni mmoja na mwongozo wote huu umejengwa juu yake: usiguse programu yoyote kwanza, kaa kwenye terminali, tuma meseji kwa mkono, ifuate, uizuie makusudi, mpaka uweze kujibu swali hili bila kusita: meseji yangu iko wapi sasa hivi? Ukiweza hilo, mengine yote ni kusoma nyaraka tu.

Unahitaji kompyuta yenye Docker (chombo cha kuendesha programu ndani ya kontena), intaneti ya kushusha imeji mara moja, na uwe unajua kidogo kutumia terminali ya Linux. Basi.

Jambo dogo la kukuondolea utata mapema: hii programu ilitoka mwaka 1993 ikiitwa MQSeries, mwaka 2002 ikaitwa WebSphere MQ, na tangu toleo la 8 la mwaka 2014 inaitwa IBM MQ. Ukitafuta msaada mtandaoni utakutana na majina yote matatu, usiogope, ni kitu kilekile na amri nyingi za zamani bado zinafanya kazi hadi leo.

Hatua ya 1: elewa inatatua tatizo gani

Chukua mifumo miwili, mmoja unapokea oda za wateja na mwingine unaandaa mzigo. Ukiiunganisha moja kwa moja, siku mfumo wa mzigo umezimwa kwa dakika kumi tu na mfumo wa oda nao unagoma, au mbaya zaidi unapokea oda alafu zinapotea. Programu ya foleni inakaa katikati, mfumo wa oda unaweka meseji kwenye foleni unaendelea na shughuli zake, mfumo wa mzigo ukiamka unazichukua moja moja kwa kasi yake. Ni tofauti ya kupiga simu na kuacha ujumbe, simu inataka wote wawili muwepo muda uleule, ujumbe hautaki. Ndo maana mabenki, mashirika ya ndege na bima wanaitumia sana, kwao oda moja au malipo moja kupotea sio jambo la kuombana radhi yakaisha.

Sasa kuna maneno matano, yashike vizuri.

Meneja wa foleni ndo programu yenyewe inayorun muda wote, ndo inayomiliki foleni, inaandika logi kwenye disiki, na ndo mnayeongea naye. Huwezi kuwa na foleni inayoelea peke yake bila meneja.

Foleni ni mahali meseji zinapokaa. Hapa kuwa makini kwa sababu kuna aina kadhaa na moja tu kati ya utakazoanza nazo inabeba meseji kweli, nayo ni QLOCAL. QREMOTE na QALIAS ni majina tu yanayoelekeza kwingine, kwa hiyo ukimsikia mtu anasema ameangalia ndani ya QREMOTE hajaona meseji, ni kweli hawezi kuona, hakuna kitu ndani.

Meseji ina sehemu mbili, heda inayoitwa MQMD yenye mambo kama kitambulisho cha baiti 24, kipaumbele, muda wa kuisha, na foleni ya kurudishia jibu, alafu mzigo wenyewe ambao unaweza kuwa maandishi, XML, JSON au chochote, meneja hajali. Ukubwa wa kawaida unaoruhusiwa ni MB 4, unaweza kupandishwa hadi MB 100, ila ukiona unahitaji MB 100 tafakari tena mpango wako.

Chaneli ni njia ya mtandao, iwe kati ya meneja na meneja au kati ya programu yako na meneja. Na msikilizaji ni kile kipande kinachokaa kwenye poti, kwa kawaida 1414, kikisubiri mtu aunganishe.

Hatua ya 2: washa meneja wako wa kwanza

IBM wanatoa imeji ya bure kwa ajili ya kujifunzia na kutengenezea programu, sio ya kuendeshea biashara, hilo liheshimu. Andika hivi, ile ya mwisho ni mstari mmoja mrefu:

docker network create mqnet
docker volume create qm1data
docker run --env LICENSE=accept --env MQ_QMGR_NAME=QM1 --env MQ_APP_PASSWORD=wekaYakoHapa --env MQ_ADMIN_PASSWORD=wekaNyingineHapa --volume qm1data:/mnt/mqm --network mqnet --publish 1414:1414 --publish 9443:9443 --detach --name qm1 icr.io/ibm-messaging/mq:latest

Ile volume ni muhimu, ndo inayohifadhi data nje ya kontena, bila hiyo ukifuta kontena na meseji zote zimeenda. Paswadi weka zako, zisipungue herufi 8. Subiri kidogo alafu ingia ndani:

docker exec -ti qm1 bash
dspmq

Ukiona QMNAME(QM1) na STATUS(Running) uko vizuri. Kuna ukurasa wa kwenye brauza pia kwenye poti 9443, ni mzuri, ila kwa sasa uache, ukurasa wa kubonyeza unakuficha majina ya vitu na siku ya tatizo utakuwa kwenye terminali nyeusi ya seva ya mtu na hakuna cha kubonyeza.

Hatua ya 3: tengeneza foleni

Chombo cha kuongea na meneja kinaitwa runmqsc. Andika runmqsc QM1 utaingia, utaona kama kimeganda lakini kinasubiri amri zako. Sasa:

DEFINE QLOCAL('ODA.MPYA')
DISPLAY QLOCAL('ODA.MPYA') CURDEPTH MAXDEPTH DEFPSIST

CURDEPTH ni idadi ya meseji zilizopo sasa, itakuwa 0. MAXDEPTH ni kikomo, kwa kawaida 5000. DEFPSIST itasema NO, ikumbuke hiyo tunairudia baada ya muda mfupi na ndo sehemu inayouma zaidi kwenye mwongozo huu wote.

Kuhusu majina, IBM MQ inatofautisha herufi kubwa na ndogo, na runmqsc ukiandika jina bila alama za kunukuu inalibadilisha lote kuwa herufi kubwa kimyakimya. Yaani ukiandika DEFINE QLOCAL(oda.mpya) unapata ODA.MPYA, alafu programu yako ikitafuta oda.mpya inaambiwa hakuna kitu cha jina hilo, kosa namba 2085. Zoea kuweka alama za kunukuu kila mara na zoea majina ya herufi kubwa, unajiokoa. Jina la foleni lina kikomo cha herufi 48 na la chaneli herufi 20, kwa hiyo usianze kutunga majina marefu ya chaneli utakwama. Kutoka runmqsc andika END.

Hatua ya 4: tuma, chungulia, pokea

Kuna programu ndogondogo za mfano zimekuja na MQ, ziko /opt/mqm/samp/bin. Tuma:

/opt/mqm/samp/bin/amqsput ODA.MPYA QM1

Andika mistari mitatu, kila mstari ukibonyeza enter ni meseji moja, alafu enter tupu inamaliza. Rudi runmqsc uangalie CURDEPTH, itakuwa 3. Sasa chungulia bila kuzitoa:

/opt/mqm/samp/bin/amqsbcg ODA.MPYA QM1

Hii amqsbcg ndo rafiki yako wa kudumu. Inakuonyesha heda nzima na mzigo kwa heksa na kwa maandishi, na meseji zinabaki palepale. Tumia muda hapa kweli, tafuta Persistence, tafuta Expiry, tafuta PutApplName inayokuambia programu gani iliiweka na UserIdentifier inayosema ni mtumiaji gani. Siku mtu akikuambia sijui hii meseji imetoka wapi, wewe unajua pa kuangalia.

Alafu pokea:

/opt/mqm/samp/bin/amqsget ODA.MPYA QM1

Zitatoka kwa mpangilio ulioziweka, itasubiri kama sekunde 15 kuona kama kuna nyingine, ikikosa inamaliza. CURDEPTH inarudi 0. Ukichukua meseji imetoka, haipo tena, na hapa ndo IBM MQ inapotofautiana na Kafka, programu nyingine ya kupitisha meseji, ambako msomaji akisoma rekodi bado inabaki pale hadi muda wake wa kutunzwa uishe. Watu wanazilinganisha kana kwamba ni kitu kimoja, sio.

Hatua ya 5: zima meneja uone nini kinabaki

Hapa usiruke hata kama unaona umeshaelewa. Weka meseji tatu tena kwenye ODA.MPYA, toka kwenye kontena, andika docker restart qm1, rudi ndani, angalia CURDEPTH. Ni 0. Meseji zako zimepotea na hakuna kosa lolote lililotokea kwa upande wa meneja, amefanya kilekile alichoambiwa, kwa sababu DEFPSIST(NO) maana yake meseji ambayo haikusema lolote kuhusu kudumu inachukuliwa kuwa ya muda, na meseji za muda hazivuki kuzimwa kwa meneja.

Sasa badilisha:

ALTER QLOCAL('ODA.MPYA') DEFPSIST(YES)

Rudia kilekile, weka tatu, restart, angalia. Zipo zote tatu. Kilichobadilika ni kwamba meseji ya kudumu inaandikwa kwenye logi ya disiki na ndo maana inastahimili. Ina gharama yake, disiki inafanya kazi zaidi na kasi inapungua, kwa hiyo sio kila kitu kiwe cha kudumu, swali la kuuliza bei ya sasa hivi ya kitu fulani ikipotea unauliza tena, ila oda na malipo usifikirie mara mbili.

Na kuna mtego mwingine ndani ya huo. DEFPSIST ni chaguo la msingi tu, inatumika pale programu iliyotuma imeiachia foleni iamue. Programu ikisema wazi meseji hii ni ya muda, foleni haina usemi. Tena ALTER haigusi meseji zilizokwisha kuwekwa, zile zilizoingia kama za muda zinabaki hivyohivyo. Kwa hiyo usimwamini mtu anayekuambia foleni yetu ni ya kudumu usijali, chungulia meseji yenyewe kwa amqsbcg uone Persistence inasema 1 (ya kudumu) au 0 (ya muda).

Endelea kuharibu kidogo. ALTER QLOCAL('ODA.MPYA') MAXDEPTH(5) alafu jaribu kuzidisha, utapata 2053, foleni imejaa. Weka GET(DISABLED) ujaribu kupokea utapata 2016, weka PUT(DISABLED) ujaribu kutuma utapata 2051. Kila namba ukikutana nayo andika mqrc na namba hiyo, mfano mqrc 2053, itakupa jina lake. Namba hizi ndo lugha ya watu wa MQ, ukisema nimepata 2085 mwenzako anaelewa papo hapo. Ukimaliza rudisha vitu vyote kama vilivyokuwa, yaani GET(ENABLED), PUT(ENABLED) na MAXDEPTH(5000).

Hatua ya 6: meseji iliyopo lakini haionekani

Siku moja utaona CURDEPTH ni 1 lakini ukipokea unaambiwa 2033, hakuna meseji. Utadhani MQ imeharibika. Haijaharibika. Programu inaweza kuweka au kuchukua meseji ndani ya muamala, yaani inafanya kazi yake yote alafu mwisho inasema thibitisha, au mambo yakiharibika inasema rudisha nyuma. Meseji iliyowekwa ndani ya muamala ambao haujathibitishwa inahesabika kwenye CURDEPTH ila hakuna mwingine anayeweza kuichukua mpaka mwenyewe athibitishe. Ndo uzuri wa kitu chenyewe, meseji na mabadiliko yake vinaenda pamoja au havifanyiki kabisa. Kuangalia:

DISPLAY QSTATUS('ODA.MPYA') UNCOM IPPROCS OPPROCS
DISPLAY QSTATUS('ODA.MPYA') TYPE(HANDLE) APPLTAG USERID

UNCOM ikionyesha namba badala ya NO inakuambia kuna ambayo haijathibitishwa, IPPROCS ni wangapi wamefungua foleni ili wachukue, OPPROCS wangapi wamefungua ili waweke, na ile ya pili inawataja kwa majina. IPPROCS ikiwa 0 na CURDEPTH inapanda, jibu unalo, hakuna anayepokea, nenda kamuamshe mpokeaji na uache kumsumbua meneja. Mi naona hizi amri mbili zinamaliza nusu ya ubishi wote kati ya timu ya programu na timu ya seva.

Upande wa kupokea nako kuna jambo. Programu ikichukua meseji mbovu ndani ya muamala, ikashindwa kuisoma, ikarudisha nyuma, meseji inarudi palepale kwenye foleni, programu inaichukua tena, inashindwa tena, na hivyo hivyo bila mwisho huku oda nyingine zote zimejipanga nyuma zinasubiri. Kila ikirudi, BackoutCount kwenye heda inaongezeka. Foleni ina sehemu ya BOTHRESH ya kuweka kikomo cha mara ngapi na BOQNAME ya kutaja foleni ya kuipeleka ikizidi, lakini sikiliza vizuri, meneja mwenyewe haihamishi. Maktaba za IBM MQ za JMS (njia ya kawaida ya Java ya kutuma meseji) zinalifanya hilo kwa niaba yako, ila ukiandika kwa MQI ya moja kwa moja, yaani amri za MQ zenyewe zinazoitwa na programu, ni wewe unayetakiwa kusoma hizo namba na kuihamisha.

Hatua ya 7: mameneja wawili waongee

Hapa ndo MQ inapoonyesha thamani yake, meseji kusafiri kutoka seva moja kwenda nyingine hata kama ya pili imelala. Washa meneja wa pili kwa amri ileile ya hatua ya 2, badilisha MQ_QMGR_NAME iwe QM2, volume iwe qm2data, name iwe qm2, na hizo poti mbili zitoe kabisa kwa sababu tayari qm1 amezichukua, wao wataongea ndani ya mqnet.

Kwenye QM2:

DEFINE QLOCAL('ODA.PKEA') DEFPSIST(YES)
DEFINE CHANNEL('QM1.TO.QM2') CHLTYPE(RCVR)
SET CHLAUTH('QM1.TO.QM2') TYPE(ADDRESSMAP) ADDRESS('*') USERSRC(CHANNEL)

Kwenye QM1:

DEFINE QLOCAL('QM2') USAGE(XMITQ)
DEFINE QREMOTE('ODA.KWENDA') RNAME('ODA.PKEA') RQMNAME('QM2') XMITQ('QM2') DEFPSIST(YES)
DEFINE CHANNEL('QM1.TO.QM2') CHLTYPE(SDR) CONNAME('qm2(1414)') XMITQ('QM2')
START CHANNEL('QM1.TO.QM2')
DISPLAY CHSTATUS('QM1.TO.QM2')

SDR ni upande wa kutuma na RCVR wa kupokea, na jina la chaneli lazima lifanane pande zote mbili herufi kwa herufi. Ule mstari wa CHLAUTH (kanuni za nani aruhusiwe kupita kwenye chaneli) upo kwa sababu imeji hii ya kujifunzia imefunga milango yote isipokuwa ile ya DEV, na kwenye mazoezi nyota inatosha ila kazini utataja anwani halisi ya seva inayoruhusiwa.

Sasa fuata njia ya meseji. Unaiweka ODA.KWENDA ambayo nilishasema ni jina tu, meneja anaibandika heda ya safari na kuiweka kwenye foleni ya kusafirishia inayoitwa QM2, chaneli inaichukua hapo, inaivusha mtandao, QM2 anaiweka ODA.PKEA. Tuma kwa amqsput ODA.KWENDA QM1 alafu nenda QM2 uipokee. Ikifika, zima qm2 kwa docker stop qm2 na utume nyingine tatu. Angalia CURDEPTH ya foleni ya QM2 ndani ya QM1, zimekaa pale zinasubiri, na DISPLAY CHSTATUS itaonyesha RETRYING, maana yake chaneli inajaribu tena yenyewe kila baada ya muda. Washa qm2, subiri, zinavuka zenyewe. Mtumaji hakujua chochote. Kama chaneli inachelewa kujaribu, ipe START CHANNEL kwa mkono.

Ukiikuta STOPPED hiyo ni tofauti, kuna mtu ameisimamisha au imekutana na jambo ambalo kujaribu tena hakusaidii, na haitaamka bila START CHANNEL.

Hatua ya 8: foleni ya meseji zilizokosa pa kwenda

Badilisha makusudi kwenye QM1:

ALTER QREMOTE('ODA.KWENDA') RNAME('ODA.HAIPO')

Tuma meseji. Upande wa kutuma hakuna kosa, chaneli inaenda, lakini QM2 akiipokea anakuta hana foleni ya jina hilo. Afanyeje? Anaiweka kwenye foleni ya meseji zilizokosa pa kwenda, kwenye imeji hii inaitwa DEV.DEAD.LETTER.QUEUE. Ingia qm2 uichungulie:

/opt/mqm/samp/bin/amqsbcg DEV.DEAD.LETTER.QUEUE QM2

Mzigo sasa unaanza na herufi DLH, ni heda ya ziada yenye sababu na jina la foleni iliyokusudiwa. Kwenye mashine za Intel utaona heksa 444C 4820 0100 0000 2508 0000. Ile 2508 imegeuzwa baiti zake, isome 0825 kwa heksa, ambayo ni 2085 kwa namba za kawaida, kosa lilelile la jina lisilojulikana. Ukiweza kusoma hiyo kwa macho bila chombo chochote umeshapiga hatua kubwa.

Nikusisitizie kwa nguvu, kila meneja lazima awe na foleni hii na lazima kuwe na mtu au mfumo unaoiangalia kila siku. Isipokuwepo, meseji moja ya kudumu iliyokosewa jina inasimamisha chaneli nzima na zote zilizo nyuma yake haziendi. Na ikiwepo lakini hakuna anayeiangalia, oda za watu zinakaa humo wiki na wiki, na kila mfumo unaripoti kuwa uko salama. Kumbuka kurudisha RNAME kuwa ODA.PKEA.

Hatua ya 9: programu ya nje na kosa la 2035

Mpaka sasa tumekuwa ndani ya mashine ya meneja. Programu za kweli zinatoka nje kupitia chaneli ya aina nyingine, SVRCONN. Jaribu ndani ya qm1:

export MQSERVER='DEV.APP.SVRCONN/TCP/localhost(1414)'
export MQSAMP_USER_ID=app
/opt/mqm/samp/bin/amqsputc DEV.QUEUE.1 QM1

Itakuuliza paswadi, ni ile ya MQ_APP_PASSWORD, na itakubali. Sasa jaribu kwa ODA.MPYA. Utapata 2035, huna ruhusa. Hii ndo namba utakayokutana nayo kuliko zote maishani mwako na MQ, na kwa makusudi ya usalama mtu wa nje haambiwi zaidi ya hapo. Maelezo kamili yako kwa meneja, kwenye faili la /var/mqm/qmgrs/QM1/errors/AMQERR01.LOG, au kwa kontena ni docker logs qm1.

Usikimbilie kuzima ulinzi wote kama baadhi ya majibu ya mtandaoni yanavyoshauri, tafadhali. Soma logi ujue ni lango gani limekukatalia, kwa sababu yako matatu: CHLAUTH inaangalia unatokea wapi na kwa chaneli gani, CONNAUTH inaangalia jina na paswadi, alafu ruhusa za kitu chenyewe. Hapa kwetu ni la tatu, mtumiaji app ameruhusiwa foleni zinazoanza na DEV tu. Mpe hii moja:

SET AUTHREC PROFILE('ODA.MPYA') OBJTYPE(QUEUE) PRINCIPAL('app') AUTHADD(PUT,GET,BROWSE,INQ)

Jaribu tena, itaingia. Ukipata 2059 au 2538 badala ya 2035 hiyo sio ruhusa, ni kwamba hukumfikia meneja kabisa, angalia kama amewaka, poti, na jina la mashine. 2540 ni jina la chaneli umekosea.

Hatua ya 10: sasa andika programu

Chagua lugha unayoijua, Java kupitia JMS ndo yenye mifano mingi, Python kuna pymqi, na zipo za Go, Node.js na .NET. Mambo machache ya kushika tangu siku ya kwanza: soma ndani ya muamala na uthibitishe baada ya kazi kukamilika, sio kabla. Fungua muunganisho mara moja uutumie kwa meseji nyingi, kuunganisha ndo kitu cha gharama. Andika namba ya kosa kwenye logi yako, sio neno imeshindikana peke yake. Ukituma swali na kusubiri jibu, tumia CorrelId kujua jibu ni la swali lipi, usichukue tu meseji ya kwanza uliyoikuta.

Muda wa kuisha angalia vipimo, kwenye MQMD Expiry inahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, yaani 300 ni sekunde 30, wakati JMS inahesabu kwa milisekunde. Na programu yako ijiandae kukutana na kazi ileile mara mbili, kwa sababu mtandao ukikatika katikati ya kuthibitisha, kosa 2009, huwezi kujua kama uthibitisho ulipita au la, basi kila oda iwe na namba yake na kabla ya kuifanyia kazi angalia kama haijafanyiwa.

Kabla hujafuta mazoezi yako, hifadhi ulichotengeneza ndani ya qm1 na qm2, kwa qm1 ni hivi:

dmpmqcfg -m QM1 -a > /tmp/qm1.mqsc

Hilo faili ni amri tupu za runmqsc, likopi nje kwa docker cp, lisome lote hata ukiona mambo usiyoyatambua. Alafu futa kontena na volume zote, anza upya kuanzia hatua ya 2 bila kuangalia huku, na pale utakapokwama tu ndo ulifungue lile faili.